Kurutu, uhifadhi unaanzia kwenye pampu

Siku za mwanzo kwenye kituo cha zimamoto utaambiwa uzime taa ukitoka bwenini na ufunge bomba ukishanawa. Fanya hivyo, lakini usidhani umemaliza kazi ya kutunza mazingira. Mafuta na maji mengi ya kikosi hupotelea kwenye gari na kwenye tukio, na huko ndiko mikono yako itakakokuwa.

Kwanza injini. Gari likiwa limesimama na pampu haitumiki, muulize kiongozi wako kama lizimwe. Wakongwe huliacha lingurume wakihofia taa na redio zitamaliza betri. Hofu hiyo ilikuwa na msingi enzi za balbu za zamani; taa za LED hula umeme kidogo sana, na gari linalochomekwa kwenye chaja kituoni hutoka na betri iliyojaa. Tena si suala la dizeli tu. Tangu 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na 2022 kazi yetu yenyewe ya kuzima moto ikawekwa humohumo. Moshi wa gari linalonguruma ndani ya banda mnauvuta nyinyi.

Ukikabidhiwa pampu, shika hesabu moja: maji yakiongezeka mara 2 ndani ya mpira wa maji uleule, presha inayopotea kwa msuguano huongezeka takriban mara 4. Ndiyo maana unaweza kupandisha injini hadi ilie na mwenzako kwenye nozeli, yaani ncha ya mpira inayorusha maji, asione tofauti kubwa. Kwa kiasi kilekile cha maji, mpira wa kipenyo cha milimita 70 hupoteza karibu sehemu 1 ya 9 ya kile kinachopotea kwenye wa 45. Umbali ukiwa mrefu, laza mpira mnene hadi karibu na moto, kisha ugawe kwa myembamba. Ni mzito, utatoka jasho, na wapo watakaokucheka.

Kwenye nozeli, jua kwamba maji yanapogeuka mvuke hunyonya joto karibu mara 7 ya lile yaliyonyonya kutoka hali ya kawaida hadi kuchemka. Yanayotiririka mlangoni yakiwa vuguvugu hayajafanya kazi yake. Piga, funga, tazama, piga tena. Ila mbinu hii ifanyie mazoezi na mkufunzi, kwa sababu lita 1 ya maji hutoa takriban lita 1,700 za mvuke, na ndani ya chumba kilichofungwa mvuke huo utakuunguza. Na wenzako wakiwa ndani, usiwabanie maji kwa jina la uhifadhi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kujiuliza maji yakishapita motoni yanakwenda wapi. Novemba 1, 1986, ghala la kemikali la Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Maji ya kuzimia yaliingia mto Rhine yakiwa yamebeba viuatilifu; mto ukawa mwekundu na samaki wakafa kwa wingi. Moto ulizimwa, lakini madhara yakasafiri na mto. Kwa hiyo ukiona mtaro au mfuniko wa maji ya mvua karibu na tukio, mwambie kamanda mapema, kabla hamjaanza kumwaga, ili uzibwe. Kwenye ghala la kemikali anaweza hata kuamua jengo liachwe liungue huku mkilinda majirani. Usimwone mwoga.

Povu la kuzimia moto nalo lina mambo yake. Mapovu mengi ya zamani ya moto wa mafuta yana kemikali za PFAS, ambazo karibu haziozi kabisa kwenye udongo na maji. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sugu, uliiweka PFOS, mojawapo ya PFAS, kwenye orodha yake 2009, na nyingine, PFOA, ikafuata 2019. Mazoezini tumieni maji matupu au povu la mafunzo lisilo na kemikali hizo. Kikosi kikihamia povu jipya, tangi na mabomba yasafishwe kwanza, na maji ya kusafishia yakusanywe. Ukikuta madumu ya zamani stoo bila lebo, mwite mtunza stoo, usimimine chochote kwenye mtaro.