Mashine ya boti ikizima, anza kwenye tangi

Mara ya tatu mashine iliponizimikia Ziwa Nyasa, kati ya Matema na Ikombe, mzee niliyempakia na vyungu vyake hakuitazama hata hiyo mashine. Aliinama, akalegeza mfuniko wa tangi. Tangi likavuta pumzi: fsss. "Washa sasa, mwanangu." Nikavuta kamba mara mbili, ikaitika.

Hadi siku hiyo nilikuwa nimeshabadilisha plagi, koili na gasketi za kabureta. Kumbe shida ilikuwa kitundu cha kupumulia kilichoko juu ya mfuniko. Boti ilikaa miaka miwili bila kazi, nyigu akapata pa kujengea, akakiziba kwa udongo. Mafuta yanatoka, hewa ya kujaza nafasi yake haiingii, mwisho pampu inashindwa kuvuta. Mashine inakwenda vizuri dakika kumi, halafu inakufa. Ukishapumzika na kujiuliza nani kakuroga, hewa imepenya kidogo kidogo, inawaka tena. Dalili hiyo inawapotosha wengi, maana inafanana kabisa na koili iliyochoka.

Tangu hapo, kabla ya kushika spana nashika kwanza ule mpira wa kubonyeza kwa mkono, ulioko kwenye bomba la mafuta. Ukiukuta umenyonywa ukawa bapa, kizuizi kiko upande wa tangi: kitundu kimeziba, au chujio la ndani limejaa uchafu. Ukibonyeza na kubonyeza usigangamale, kuna mahali bomba linavuta hewa, au vali zake za ndani zimekufa. Na kama mashine inafifia ukiwa kasi, kisha ukibonyeza inapata nguvu, basi mafuta hayafiki ya kutosha. Kagua viungo vya bomba na mpira wa ndani wa pampu. Mimi bomba lote nililitupa, lilikuwa limepasukapasuka kwa jua.

Halafu kuna maji. Kyela mvua zake mnazijua, na petroli yetu inasafiri kwenye madumu ambayo jana yalibeba kitu kingine. Chota kidogo kutoka chini kabisa ya tangi, weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mpaka wenyewe. Petroli iliyolala muda mrefu utaijua kwa harufu ya vanishi. Usijaribu kuiokoa kwa kuichanganya na mpya. Kwenye mashine yangu, oili ya kuchanganya na petroli ni moja kwa hamsini, yaani mililita 400 kwa lita 20. Yako soma kitabu chake, usifuate macho. Mafuta mchanganye nchi kavu, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa na kutuama sakafuni mwa boti ukingoja mtu awashe sigara.

Sasa kosa langu kubwa, ambalo sijasikia mtu akilisema. Mashine niliipeleka kutengenezwa Mbeya mjini. Tukaifunga kwenye pipa la maji, ikawaka, lakini moshi mzito na plagi nyeusi ti. Fundi, kijana hodari wa pikipiki, akasema inakunywa mafuta mengi, akaweka jeti ndogo kwenye kabureta, yaani kile kipande chenye kitundu kinachopima mafuta. Ikatulia kama cherehani. Tukapeana mikono.

Tulichosahau ni mlima. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa halifiki 500. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yale yale yanaonekana mengi. Ukiteremka Tukuyu hadi Kyela ziwani, hewa inakuwa nzito, na ile jeti ndogo sasa inaleta mafuta machache kuliko hewa inayoingia. Mashine ikawa kali lakini haina nguvu, ikachemka, plagi ikatoka nyeupe kama chokaa. Mashine ya aina hii inalainishwa na oili iliyomo kwenye petroli, kwa hiyo ukiibania petroli umeinyima na oili. Ningeendelea siku mbili tatu, pistoni ingeyeyuka. Tengeneza popote, lakini kabureta irekebishie ziwani.

Kwenye bodi sina mengi. Gonga tezi, pale mashine inapofungwa, kwa mpini wa nyundo. Mlio mkavu ni mzima. Ukisikia mlio wa boga bovu, mbao za ndani ya faiba zimeoza, na hakuna rangi itakayokusaidia. Mimi nilikata, nikaweka mbao mpya, nikafunika kwa mkeka wa faiba na resini. Iliniumiza mfuko kuliko mashine.

Makafi mawili hayashuki botini mwangu, hasa Juni hadi Agosti mwera ukivuma. Siku ile ya fsss tulikuwa tumeshaanza kusukumwa kwenye mawe ya chini ya Milima ya Livingstone, na mzee alikuwa ameshika vyungu vyake kwa mikono yote miwili.

Jeti ndogo ninayo bado, kwenye kopo la skrubu. Fundi wangu ameniomba mara mbili aiweke kwenye pikipiki.