Mdogo wangu wa Makorora, kuhusu kuja huku kuchora na sikoseli yako

Mdogo wangu kaniandikia kutoka Makorora, Tanga: "Shikamoo dada, na mimi nina sikoseli kama wewe na nachora, hivi nikija Ujerumani naweza kuishi kwa kuchora au ndo mnatuonyesha mapicha ya theluji tu?" Marahaba mdogo wangu. Nakujibu wazi na nawaachia na wengine wasome (kwa asiyejua, sikoseli ni ule ugonjwa wa damu wa kurithi, unaouma mpaka kwenye mifupa), maana wanaoniuliza swali hili ni wengi na kila mmoja anaumwa kitu, huyu kisukari, huyu pumu, huyu figo, na wote wanakisema mwisho kabisa kama vile ni aibu.

Naishi kwa kuchora, ndio. Vitabu vya watoto, vitabu vya shule, mara mojamoja gazeti. Lakini kinachoniweka hapa Leipzig sio hela ya michoro, ni bima. Huku sheria inamtaka kila mtu awe na bima ya afya, hata kibali cha kuishi hupewi bila hiyo, na mtu aliyejiajiri kwa kawaida anabeba mchango wote mwenyewe, mwezi ukiwa mbaya unabaki huna kitu. Ila wasanii tuna mfuko wetu unaitwa Künstlersozialkasse, upo tangu 1983, wewe unalipa nusu ya mchango wa matibabu na pensheni, nusu nyingine inatoka serikalini na kwa makampuni yanayonunua kazi za wasanii. Kuingia lazima uonyeshe kwamba sanaa ndo riziki yako na kwamba unategemea kupata zaidi ya yuro 3,900 kwa mwaka, wanaoanza wanaachiwa miaka mitatu ya mwanzo hawabanwi na hicho kiwango. Fomu ni ndefu, wanataka mikataba, invoisi, ushahidi kwamba kuna watu kweli wanakulipa. Siku barua ya kukubaliwa ilipofika nililia wallahi, nikampigia mama naye akalia, maana dawa yangu ya sikoseli, haidroksiyurea, vipimo vya damu vya kila mara, daktari wa macho, kulazwa, vyote viliingia humo.

Sasa sikia upande ambao hausemwi. Mwajiriwa huku akiugua analipwa mshahara wake mpaka wiki sita. Sisi tuliojiajiri hatuna mwajiri, na mfuko wa bima ya afya kwa kawaida unaanza kukulipa hela ya ugonjwa kuanzia wiki ya saba. Sikoseli unaijua wewe, haikushiki wiki saba mfululizo, inakushika siku nne, inakuachia, mwezi ujao inarudi, kwa hiyo kwenye hesabu zao ni kama hujaugua kabisa huku kwako dedilaini imeshapita na kodi ya nyumba inadaiwa. Na nyumbani nao wana shida zao, bati limetoboka, ada ya mtoto wa kaka, nao hawajui kwamba wiki ile nilikuwa kitandani kwa sababu sijawaambia, sitaki mama asilale. Hili linaniumiza kuliko mifupa.

Kwa hiyo kazi naipanga kufuata mwili. Mhariri akisema miezi mitatu namwomba mitano, skechi zote nazimaliza mwanzoni nikiwa mzima, rangi nazifanya kwenye tableti ambayo naweza kuishika hata nikiwa nimelala, na namwambia hali yangu kabla hatujasaini. Kuna mchapishaji nilimwambia akanyamaza moja kwa moja, sikumsikia tena. Imeniuma lakini bado nasema, kwa sababu wale wanaobaki wanabaki wakijua, na mmoja wao nimeshafanya naye kazi miaka na akiniona kimya ananiuliza kwanza naendeleaje ndo anauliza kurasa.

Macho usiyachezee kabisa. Sikoseli inaweza kuharibu mishipa midogo nyuma ya jicho kimyakimya, huumwi huoni tofauti, halafu siku moja kuna giza. Kila mwaka kapimwe retina, hata hapo ulipo, mchoraji bila macho anafanya nini? Na bega pia, na nyonga, mfupa ukikosa damu unakufa ndani kwa ndani, bega la mkono unaochorea likianza kuuma usiseme ni uchovu.

Baridi nayo sio ya kusimuliwa. Kuanzia Novemba hadi Machi mishipa inabana, kiu husikii kwa hiyo unasahau maji, hapo hapo chembe za damu zinaanza kujikunja kama mundu. Wenzangu wa huku wanapanga studio za bei rahisi kwenye viwanda vya zamani, pazuri kweli ila hapana joto, mimi siwezi, nachora nyumbani karibu na hita na bili yake naijua mwenyewe. Faida kubwa ni kwamba malaria hakuna, na wewe unajua malaria inavyotuangusha. Lakini hospitali usifikiri ukifika tu wanajua, wagonjwa wetu huku ni wachache, watoto wachanga wameanza kupimwa sikoseli Oktoba 2021 tu. Nimeshakaa kwenye korido naumwa siwezi kuongea, daktari kijana ananiuliza huo ugonjwa unaandikwaje. Sasa natembea na barua ya daktari wangu wa damu kwenye mkoba, inataja dawa na dozi ya maumivu, nikifika naitoa. Tanga kulikuwa na mama, shangazi na majirani wa kunikanda na kunipikia uji, huku napiga namba ya dharura, 112, mwenyewe nafungua mlango mwenyewe.

Na michoro yenyewe, jiandae, watakutaka uchore simba na twiga. Mimi namheshimu sana Edward Saidi Tingatinga, tena yeye alipita kwetu kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kabla hajaenda Dar, lakini mimi nachora wamama wa Ngamiani, baiskeli, soko la samaki Deep Sea, na hicho ndo kimenipa wateja wanaorudi.

Kwa hiyo jibu langu ni usije kwanza. Njoo ukiwa na shule iliyokupokea au wateja wanaokulipa, na uwe na bima, sio kwa visa ya matembezi ukitegemea utajipanga ukifika, mwenye mwili kama wetu hana hiyo nafasi. Kazi ya picha inasafiri kwa intaneti, anza hapo hapo, tengeneza kurasa kumi na mbili za hadithi moja yenye mhusika yule yule anayefanana kila ukurasa, hicho ndo wahariri wanakitazama, watume, na maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia, kila mwaka yana shindano la wachoraji, peleka. Faili lako la hospitali ya Bombo likusanye lote, na kama hujawahi kwenda kliniki ya Muhimbili nenda, kina Profesa Julie Makani wamejenga pale ujuzi wa sikoseli ambao madaktari wengi wa huku hawana.

Halafu umesema mama mdogo anataka uache kuchora ukasomee kitu cha kukaa ofisini kwa sababu ya afya. Mpe simu Ijumaa baada ya swala, nitaongea naye mwenyewe.