Mnara wa taa wa Cape Point: maswali ya wasomaji

SWALI: Mimi na mume wangu tunakwenda Cape Town mwezi wa Agosti. Tunataka kuuona mnara wa taa wa zamani ulio kwenye hifadhi ya Cape Point. Tujipange vipi? Na ni kweli ulijengwa mahali pasipofaa? – Mama, Jinja

JIBU: Ni kweli, mama, na ukilielewa hilo utajua hata saa ya kwenda. Mnara huo mweupe wa chuma uliwashwa mwaka 1860 juu ya kilele cha mita 238 kutoka usawa wa bahari. Kumbe upepo wa bahari ukigonga jabali hupanda, hupoa na kugeuka wingu, kama Rwenzori inavyojifunika. Taa ikamezwa huko juu, na mabaharia chini hawaioni. Usiku mweupe nao ulikuwa na hatari yake: taa ilionekana kutoka mbali mno, nahodha akadhani bado ana nafasi, akaisogelea miamba. Aprili 1911 meli ya Kireno, Lusitania, iligonga mwamba wa Bellows karibu na hapo. Ndipo mnara mpya ukajengwa chini zaidi, mita 87 tu, ukaanza kazi 1919.

Kwa hiyo mkiona kilele kimefunikwa, msipande kwanza. Zungukeni ufukweni, mrudi kikifunguka. Agosti ni msimu wa baridi na mvua huko. Chagueni siku inayofuata mvua. Lango hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, kwa saa za huko, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kutoka katikati ya mji ni zaidi ya kilomita 60, na treni haifiki: kodini gari au mpande basi la watalii.

Kutoka maegesho kuna njia ya kupanda kwa miguu. Wenye magoti mabovu wapande kigari cha reli kinachovutwa kwa kamba ya chuma, ila wajue kwamba juu bado kuna ngazi za kumalizia. Vaeni koti lisilopitisha upepo. Kofia isiyo na kamba itaishia baharini.

SWALI: Nyani wa huko ni wakali? – Msomaji, Gulu

JIBU: Umewaona wa Karuma? Hawa nao wamezoea watu, na wanajua kufungua mlango wa gari. Funga kwa ufunguo hata ukiwa ndani, pandisha vioo, na usitembee na mfuko wa plastiki mkononi; kwao mfuko ni chakula. Akiushika, mwachie. Anayevutana naye ndiye anayeumwa. Kuwalisha ni kosa kisheria.

SWALI: Ndipo bahari mbili zinapokutana? – Msomaji, Mbarara

JIBU: Hapana. Ncha ya kusini kabisa ya Afrika ni Cape Agulhas, kusini-mashariki zaidi, na ndiyo inayohesabiwa mpaka wa Atlantiki na Hindi. Nako kuna mnara wa taa, wa mwaka 1849.

Jambo moja kwenu nyote watatu: anayetoka Uganda hudaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano akiingia Afrika Kusini. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na jina kwenye kadi lilingane na la pasipoti herufi kwa herufi. Kadi ibebeni mkononi, msiifungie ndani ya sanduku.