Kabla hujakubali kuingia barazani, nenda ukahesabu magodoro

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Kyeshero aliniandikia usiku. "Jambo Mama. Wameniomba niwe PCA, yaani mwenyekiti wa baraza, wa nyumba inayopokea watoto wa barabarani hapa Goma. Wanasema kazi si nyingi, mikutano miwili kwa mwaka na kutia sahihi tu. Nikubali?"

Nilisoma yale maneno ya mwisho, "kutia sahihi tu", nikaweka simu chini. Usingizi haukurudi. Asubuhi nilimjibu kwa ufupi, lakini jibu lenyewe ni refu, na najua wako wengi kama yeye: watu wenye jina zuri kanisani, kazini au katika kartie, wanaoumia wakiwaona maibobo, hao watoto wa barabarani, wamejikunja mbele ya duka alfajiri, na siku moja wataitwa na kuambiwa, "Tunahitaji jina lako." Nakuandikia wewe pia.

Mimi niliitwa hivyo hivyo mwaka 2013. Nilikuwa mhasibu wa shule ya sekondari, miaka kumi na sita bila franga moja kupotea mikononi mwangu. Mwanzilishi wa kituo alikuja nyumbani na mkewe, wakaketi, wakanywa chai. Akanieleza habari za watoto wanaolala chini ya vibanda vya Birere, wanaobeba mizigo ya watu soko la Virunga mchana, na usiku wanavuta gundi ili wasiisikie baridi. Anayeishi hapa anaijua hiyo baridi. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvua ikishanyesha, yale mawe meusi ya volkano hayakauki upesi. Mtoto analala juu yake na gunia moja. Nililia. Chai haijapoa, nilikuwa nimekubali kuwa mweka hazina.

Wenzetu wa Tanzania na Kenya huwaita watu wa namna hii wadhamini. Sisi huku Kongo tunasema memba wa CA, yaani baraza la usimamizi, au konsei. Neno la wenzetu nalipenda zaidi, kwa sababu mdhamini ni mtu aliyejiweka rehani kwa ajili ya mwingine. Jambo likiharibika, mlango wake ndio unaobishwa. Hilo hakuna aliyeniambia wakati wa chai.

Tulikuwa saba. Mwanzilishi, ambaye pia alikuwa mratibu. Mkewe, mwandishi wa mikutano. Shemeji yake, ambaye ndiye aliyekuwa ameikodisha kwa kituo nyumba yake mwenyewe. Mchungaji wao. Wanaume wawili wa Kinshasa ambao sura zao sijaziona mpaka leo. Na mimi. Mikutano ilifanyika sebuleni kwa mratibu, ikaanza kwa sala na kumalizika kwa soda. Sasa niambie, katika sebule ile, nani angemuuliza mwenye nyumba fakture ya maharage iko wapi? Kodi ilipopandishwa, nani angesema ni ghali?

Cheki zilihitaji sahihi mbili, ya mratibu na yangu. Ijumaa jioni alikuja na kitabu. "Mama, Jumatatu wewe unasafiri kwenda Butembo. Watoto watakula nini?" Nikatia sahihi kwenye cheki tupu, moja. Mara nyingine tatu. Ilifika siku nilitia sahihi kumi kwa mara moja, nikiwa nimesimama mlangoni na begi mkononi. Mimi, mhasibu, ambaye shuleni nilimrudisha mwalimu mzima kwa sababu risiti yake haikuwa na tarehe! Lakini kule niliona ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu nilidhani haiombwi risiti.

Desemba 2015 nilikwenda kituoni bila kualikwa. Sikuwa na shaka yoyote, nilikuwa nimebeba tu nguo zilizombana mwanangu. Rapoti tuliyowapelekea wafadhili, ambayo mimi nilikuwa nimeitia sahihi, ilisema watoto 42 na magodoro 40. Mlangoni nilimkuta mvulana wa miaka kumi na mbili hivi.

"Mama, umetumwa na wazungu?"

Nikamwambia hapana, mimi ni wa konsei.

"Konsei ni nini?"

Nikaanza kumweleza kwamba sisi ndio tunaowaangalia ninyi, tunahakikisha mnalala vizuri na mnakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa.

"Mbona hatujawahi kukuona?"

Alinishika mkono akanipeleka ndani. Magodoro yalikuwa tisa, mengine yamechanika hadi sponji inatoka. Watoto waliolala pale walikuwa kumi na tisa. Wengine, aliniambia, bado wako Birere, wanaitwa siku za wageni. "Siku za wageni tunakuwa wengi, na tunakula nyama."

Nilikwenda benki kuomba taarifa ya akaunti. Kila pesa iliyotoka ilikuwa na sahihi yangu. Niliomba mkutano mkuu, nikasimama, nikasema yote. Wakapiga kura, wengi wao ni ndugu, nikatolewa. Jumapili iliyofuata kanisani habari ilikuwa imegeuka: mweka hazina amekula pesa za maibobo. Na sahihi ilikuwa yangu, ningejitetea na nini? Wafadhili walikata msaada, mwaka 2016 nyumba ikafungwa, wale watoto kumi na tisa wakarudi Birere. Kuna mama tuliyeimba naye kwaya miaka mingi ambaye hadi leo tukikutana njia ya Katindo anavuka upande wa pili. Nimesamehe, lakini bado inauma.

Kwa hiyo ndugu yangu, ushauri wangu wa kwanza ndio huo: usitie sahihi kwa kitu ambacho hujakiona. Ukitaka wa pili, ni huo huo. Kama rapoti inasema magodoro 40, nenda ukayahesabu, tena usiku, tena bila kupiga simu.

Watu wetu wanapenda karatasi. Kituo kikipata hati ya utu wa kisheria kutoka kwa Waziri wa Sheria, wanaitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni. Ni vizuri, hati itafutwe. Lakini isome basi na sheria iliyoizaa, namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Inasema wazi kwamba ASBL, kama kituo chetu, ni chama kisichotafuta kuwapatia wanachama wake faida ya mali. Shemeji anayekaa barazani na kupokea kodi kutoka kwa baraza hilo hilo angepaswa kuchagua moja. Angalau siku ya kujadili kodi atoke nje, na PV, kumbukumbu ya mkutano, iandike kwamba alitoka.

Mpangilio wenyewe mtoto wa shule anaweza kuuelewa. Mkutano mkuu unalichagua baraza, baraza linamweka mratibu na kumsimamia, mratibu anaendesha nyumba. Kwetu ilikuwa kichwa chini miguu juu: mratibu ndiye aliyetuchagua sisi. Mtu uliyemchagua mwenyewe ili akusimamie hatakusimamia. Atakuheshimu, atakuombea, atakunywea soda, basi.

Mwaka 2018 akina mama wanne walinifuata, wote walikuwa wameisikia habari yangu kutoka kwangu mwenyewe, si kutoka kanisani. Walitaka kufungua nyumba ndogo upande wa Ndosho. Niliwaambia sina jina tena la kuwapa. Mmoja akasema, "Hatutaki jina, tunataka macho." Nikaingia.

Nilikosea na huko, lakini upande wa pili. Kwa sababu ya moto ulioniunguza, nilitaka kushika kila kitu. Nilinunua maharage mwenyewe, nilimpigia mratibu simu mara sita kwa siku, nilikagua hadi sabuni. Alivumilia miezi minne, kisha akaleta barua ya kuacha kazi. Tulizungumza, nikamwomba radhi mbele ya baraza zima, akabaki. Kusimamia si kupika. Mdhamini anauliza, anaangalia, anaamua mambo makubwa, halafu anarudi nyumbani kwake na kumwacha mwenye kazi afanye kazi.

Huko Ndosho, kila Jumamosi memba wawili wanapita kwenye nyumba ya watoto bila kutangaza. Wanahesabu watoto, wanahesabu vitanda, wanakula kile watoto wanachokula. Cheki tupu ni marufuku, hata mtu akiwa na tiketi ya ndege mkononi. Hakuna ndugu wawili barazani. Kila mtoto ana faili: alitoka wapi, alilaumiwa kwa kosa gani hadi akafukuzwa, nani wa ukoo yuko hai, Divisheni ya mambo ya jamii imearifiwa lini. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaruhusu mtoto mwenye shida awekwe kwa ukoo wake mpana, au kwa familia ya kumpokea, au katika nyumba iliyokubaliwa na serikali. Nyumba yetu ni moja tu kati ya hizo njia tatu. Baraza linalofurahia kuona watoto wanaongezeka kila mwaka limesahau kazi yake. Sisi tunauliza kila mkutano: wangapi wamerudi kwa shangazi, kwa bibi, kwa kaka?

Hapo kuna jambo siwezi kulipita. Wengi wa watoto wetu hawakukimbia nyumbani, walifukuzwa kwa kuitwa wachawi. Baba anaoa tena, mtoto mchanga anaugua, na lawama inamwangukia yule wa mke wa kwanza. Mwaka wetu wa pili mmoja wa wanabaraza alisema, kuhusu msichana wa miaka tisa, kwamba aombewe kwanza kabla hajachanganywa na wengine, "tusije tukaleta kitu ndani". Nilisoma kwa sauti kifungu cha 41 cha Katiba, kinachokataza kumshtaki mtoto uchawi. Mkutano ulikuwa mgumu, maana alikuwa mtu mzima anayependwa, na ndiye aliyetupa jiko. Tulipiga kura. Aliondoka, na jiko lake tukamrudishia. Msichana aliingia usiku ule ule, akalala kitanda cha katikati. Nakuambia wewe unayetaka kuwa PCA: siku kama hiyo itakuja, na usipokuwa tayari kumpoteza rafiki, baki nyumbani.

Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi. Alasiri wawili wetu walikuwa wamepita, wakahesabu watoto 23, wakaandika majina. Jioni anga juu ya volkano ya Nyiragongo ikawa nyekundu na mji mzima ukaingia barabarani, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi, Rwanda. Mratibu alitoka na watoto na lile daftari. Alipovuka mpaka aliita majina kwenye giza, moja moja. Ishirini na watatu. Lava ilisimama Buhene, haikutufikia. Siku tano baadaye, tarehe 27, amri ya kuhama ilipotolewa kwa kartie 10 kati ya 18 za mji, tuliita majina yale yale tena, na siku hizo wazazi wengi walikuwa wakizunguka na picha za watoto waliopotea njiani. Najivuna kwa ajili ya daftari lile, sitaficha.

Kisha Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Benki zilifungwa, na akiba yetu ya miezi mitatu, ambayo tuliikusanya kwa jasho na tukajisifu nayo kwenye rapoti, ikawa ndani ya benki na sisi nje. Tulikutana watu watatu kwa tochi, wawili wengine kwenye simu, PV tukaiandika kwenye daftari la shule. Wafanyabiashara wawili wa Birere walitukopesha unga na maharage kwa karatasi yenye sahihi tatu. Walikubali kwa sababu tulikuwa tumewalipa kwa wakati miaka yote. Wakati huo huo watoto wapya kumi na mmoja walikuwa wamekaa mlangoni. Nafasi zilikuwa 30, na zote zilijaa. Mratibu alinipigia: "Mama, niwafungulie?"

Swali hilo halikuwa la kumwachia yeye peke yake. Mtoto akifa kwa njaa ndani au kwa risasi nje, mratibu asibebe uzito huo bila sisi. Tuliamua wafunguliwe, sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ziondolewe kwenye chakula hadi hali itakapojulikana, na wale wakubwa walale wawili wawili. Tuliandika majina yetu chini ya uamuzi. Mkono ulinitetemeka, lakini safari hii nilijua ninatia sahihi kwa nini.

Yule mvulana wa mwaka 2015 nilimtafuta muda mrefu. Nilimpata mwaka jana Majengo, anachomelea milango na madirisha, ana fundi wake na ana chumba cha kupanga. Hakunikumbuka sura, alikumbuka nguo. Kati yetu sote barazani hakuna aliyewahi kulala nje hata usiku mmoja, na tunaamua habari za wanaolala nje. Mwezi uliopita nilikwenda kumwomba aingie. Alizima mashine, akafikiri, akauliza mikutano yetu huwa saa ngapi, maana Jumamosi mchana ndipo wateja wanapokuja.

Tumeusogeza. Sasa ni Jumapili saa tisa.