Muulize Fundi: Chumba cha kufulia kiko chini, maji yatapita wapi?

SWALI: Habari yako Fundi. Tunajenga mteremkoni Riat, Kisumu. Kwa vile kiwanja kimelala, tumepata chumba chini ya sebule: nyuma kimezikwa udongoni, mbele kina dirisha. Nataka kiwe cha kufulia, kiwe na mashine, sinki na tundu la maji sakafuni. Bomba la inchi 4 la choo cha juu linapita ukutani humo, mita moja hivi kutoka sakafuni. Plamba wetu anasema mpira wa mashine atauchomeka humo na kuuziba kwa silikoni, na kwamba bomba la hewa ni kupoteza pesa. Tangi la maji taka liko mita 14 upande wa chini. Slabu ya chumba hicho inamwagwa wiki mbili zijazo. Nimkubalie?
Mama wa watoto watatu, Riat

JIBU: Mama, usimkubalie, lakini usimfukuze pia. Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Nikiwa bado mgeni kazini nilifunga mashine katika nyumba moja hapa Nakuru bila bomba la hewa, nikalipwa, nikaenda zangu. Mwezi haukuisha wakaniita: kila wakimaliza kufua, chumba kinanuka choo. Nikachuchumaa pale na tochi mashine ikimwaga. Maji yalipoishia, bomba lilikoroma, na yale maji yanayopaswa kubaki kwenye trapu, ile sehemu ya bomba iliyopinda ili ishike maji, yakafyonzwa yote. Trapu ikishakauka, harufu ya tangi inapanda bila kizuizi. Nililipia marekebisho mwenyewe.

Ukitoboa mkebe wa mafuta tundu moja, mafuta hutoka kwa kugugumia. Ukitoboa la pili, yanamiminika. Bomba la hewa ndilo tundu la pili.

Ila kabla ya hewa kuna kimo, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndicho kitakachoamua gharama yako. Mashine ina pampu, kwa hiyo maji yake yanaweza kupandishwa hadi karibu mita moja. Sinki halina pampu. Tundu la sakafuni ndiyo kabisa. Hayo mawili hayawezi kuingia kwenye bomba lililo juu yao, hata plamba awe hodari namna gani. Lazima yapite chini ya slabu hadi tangini, na bomba la inchi 2 linahitaji kushuka sentimita 2 hadi 2.5 kila mita. Kwa mita 14, hiyo ni hadi sentimita 35. Ongeza kama 25 za trapu na bomba lenyewe chini ya sakafu. Kwa hiyo mdomo wa tangi unapoingilia maji uwe chini ya sakafu ya chumba kwa sentimita 60 au zaidi.

Usikadirie kwa macho, mteremko hudanganya. Chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mjaze maji bila mapovu, mmoja asimame chumbani na mwingine tangini. Maji yatasimama usawa mmoja pande zote mbili. Pimeni kutoka hapo kushuka chini: chumbani hadi sakafuni, tangini hadi mdomo unapoingilia maji. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kimo chenu.

Kimo kikikosekana, mtachimba shimo la kukusanyia maji na kuweka pampu ya maji machafu, mfuniko wake uzibwe vizuri, liwe na bomba lake la hewa, na vali ya kuzuia maji kurudi. Mimi siipendi njia hiyo kama kuna nyingine. Stima ikipotea mashine nayo inasimama, sawa, lakini anayefua kwa mkono kwenye sinki hasimami, na shimo linajaa bila pampu.

Kuhusu silikoni: hapana. Mpira ukizibwa, bomba linaweza kuvuta maji kutoka ndani ya mashine, na siku choo cha juu kikiziba, uchafu utatafuta njia kupitia nguo zako. Asimamishe bomba la inchi 2, mdomo wazi, sentimita 80 hadi 90 kutoka sakafuni, trapu chini yake, mpira uning'inie ndani kwa nafasi. Isiwe inchi moja na nusu. Mashine nyingi humwaga ndoo ya lita 20 kwa dakika moja hivi, na povu juu yake.

Bomba la hewa lianzie ndani ya mita moja na nusu kutoka kwenye trapu, lipande wima mpaka lipite ukingo wa sinki kwa sentimita 15, ndipo likate kona. Litoke juu ya paa, mbali na dirisha la chumba cha kulala. Kila trapu iwe na hewa ya karibu, hata ya sakafuni. Hiyo ya sakafuni, kwa joto la Kisumu, mwagieni jagi la maji mara kwa mara kama haitumiki.

Wekeni pia tundu la kuzibulia kwenye kona ya bomba, maana nyuzi za nguo hujikusanya hapo. Na kabla ya zege, zibeni mwisho wa bomba, mjaze maji, mchore alama, mlale. Asubuhi alama na maji vikiwa pamoja, mwageni zege.

Nitumie kipimo cha mpira wiki hii. Nikijua ni sentimita ngapi, nitakuambia kama unahitaji pampu.