Mtumbwi mwepesi wa fito: mninga unafaa badala ya mwerezi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Niko Mwanga, hapa hapa Kigoma. Nimeona Wamarekani wanavyounda mtumbwi kwa fito nyembamba za mwerezi, mtu mmoja anaubeba begani. Mwerezi huo huku siupati, ila nina mbao za mninga nilizotoa Tabora. Naweza kuzitumia? Na faibaglasi lazima iwe ndani na nje, au nje tu inatosha? Nataka wa futi 16, wa kutembelea ziwani na kijana wangu.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Hizo mbao za mninga usiziuze, lakini usizipasue fito.

Mtumbwi wa aina hii haujengwi kama boti unazoziona Kibirizi. Boti zetu zinasimama kwa mkuku (uti wa chini) na mataruma (mbavu za ndani), na unene wa ubao ndio nguvu yenyewe. Huu wa fito hauna taruma hata moja. Ubao wa milimita 6 unakaa katikati ya ngozi mbili za faibaglasi, na ngozi hizo ndizo zinazobeba mzigo. Kazi kubwa ya mbao ni kuzitenganisha. Hapo hapo swali lako la pili limejibika. Mtumbwi ukipanda jiwe, ngozi ya nje inabanwa, ya ndani inavutwa. Ukiacha kuweka ya ndani, kinachovutwa ni mbao tupu, nayo itapasuka kufuata nyuzi zake. Kwa hiyo ndani na nje, hakuna njia ya mkato. Anayekwambia nje inatosha anafikiria kuzuia maji tu.

Sasa uzito. Mtumbwi wa futi 16 una eneo la kama mita za mraba 6. Kwa unene wa milimita 6, hiyo ni mita za ujazo 0.036 za mbao. Mwerezi mwekundu wanaoutumia wao, Thuja plicata, una kama kilo 370 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo fito zote zinapata kilo 13 hivi. Mninga una zaidi ya kilo 600: fito hizo hizo zinafika kilo 22. Mkongo ndio usiseme, unakaribia kilo 30. Ongeza kitambaa cha faibaglasi na epoksi, ile resini ya kukigandishia kwenye mbao, kama kilo 7, kisha ukingo na viti, kilo 4 au 5. Wa mwerezi unatoka na kilo 25, wa mninga 34, na kilo 9 hizo za ziada hazikuongezei chochote, maana nguvu iko kwenye ngozi.

Mimi ningechukua paini. Haifikii wepesi wa mwerezi, inakuongezea kilo tatu hadi tano, lakini inapatikana na inapindika vizuri. Tatizo lake ni macho, yaani mafundo ya matawi. Chagua mbao za inchi moja kwa sita zilizonyooka nyuzi. Penye jicho kata utupe, fito ya milimita 6 yenye jicho itavunjikia mkononi ukiikunja kuelekea omo, yaani mbele. Mninga wako weka kwenye ukingo, viti na ile mbao ya kukatiza katikati, mahali panapogongwa na kasia na kukaliwa. Hapo uzito wake una faida, na unapendeza.

Paini ya sokoni mara nyingi ni mbichi. Ipange kivulini juu ya papi, hewa ipite kila upande, kisha chukua kipande kimoja ukipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imekauka. Usianze kabla ya hapo. Gundi na epoksi havina urafiki na unyevu. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho wakati wake.

Mbao za futi 12 hazifiki urefu wa mtumbwi, kwa hiyo utaunga. Chonga ncha mbili kwa mshazari wa moja kwa nane, yaani milimita 48 za mteremko kwa fito ya milimita 6, paka gundi, bana. Kalibu za plaiwudi, zile zinazoupa mtumbwi umbo wakati unapanga fito, zisimamishe kila futi moja, na kingo zake zibandike utepe wa plastiki ili gundi isizishike, kwa sababu mwisho zinatoka zote. Huna ruta, mashine ya kuchonga kingo za fito ziingiane? Randa ndogo inatosha: kila fito unairanda pembe kidogo kidogo mpaka ikae juu ya mwenzake bila mwanga kupita. Ni kazi ya subira, basi.

Kwenye epoksi ndipo wengi wanapoharibu. Usichukue resini ya poliesta ya matangi kwa kuwa ni rahisi; haishiki mbao vizuri, baada ya muda inabanduka. Epoksi ichanganye kwa kipimo cha kwenye kopo, wala usizidishe hadena, dawa yake ya kugandisha, ukidhani itakauka haraka. Changanya kidogo kidogo, umimine kwenye trei pana, maana ikibaki kwenye kikombe kwa joto letu itachemka na kuganda mkononi. Paka jioni, joto likishuka. Asubuhi mbao inapopata joto, hewa iliyomo inatanuka na kutoka, unapata mapovu chini ya kitambaa. Kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba kinatosha. Kikilowa sawasawa kinapotea machoni, unaona mbao tu; penye weupe pamekauka, rudia. Nje jaza mpaka alama za ufumaji zifutike, ndani ziache, zinapunguza uzito na mguu hautelezi. Juu ya yote vanishi ya nje yenye kinga ya jua, kwani jua linaila epoksi.

Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa unaporanda ule ukingo.

Na huu si wa dagaa wala wa kuvuka. Kiangazi upepo wa kusini mashariki unainua mawimbi ambayo mtumbwi wa kilo 30 hauyawezi. Toka asubuhi, shika ukingo wa ziwa, jaketi okozi kwa wote wawili, na kwenye omo na tezi (nyuma) ziba visanduku vya hewa ili mtumbwi ukipinduka usizame. Kule Bangwe kwenye mawe usiuburute, shukeni majini muubebe.