Maswali na majibu: tageti ni ya benki, sahihi ni yako

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa vijana wa benki, na mmoja mteja.

Swali (Mlandege): Tageti yangu akaunti 60 kwa mwezi, nimefika 40. Kila jioni bosi anatupanga majina kwenye grupu la WhatsApp, wa mwisho anawekewa alama nyekundu. Wenzangu washaanza kufungua akaunti kwa kopi za ZanID, kitambulisho cha Mzanzibari, za wateja wa zamani. Na mie nifanye?

Usifanye mdogo wangu, usifanye kabisa. Marekani benki ya Wells Fargo iliwabana wafanyakazi hivo hivo, kila mteja auziwe mpaka bidhaa 8, watu wakaingia khofu wakaanza kufungua akaunti mteja mwenyewe hana habari, yalipofumuka 2016 benki ikapigwa faini ya dola milioni 185 na wafanyakazi kama 5,300 walikuwa washafukuzwa. Kwenye ile fomu mwenye tageti hayumo, jina lako ndio limo. Mwandikie bosi imeili, mwambie umefika 40 halali na kwa nini 60 hazifikiki, uiweke. Na hilo grupu, kumuaibisha mtu mzima mbele ya wenzake si uongozi.

Swali (Wete): Meneja mgeni anataka niache Kipemba kaunta, ati si profeshono.

Barua andika Kiswahili sanifu, hapo ana haki. Lakini bibi wa Wete kaja na pesa zake za karafuu, ukimsemesha lugha ya tangazo la redio atasaini asichokifahamu. Sare ni ya benki, ulimi kakulea nao mama yako. Mwambie meneja kwa adabu, tena mbele ya mteja asikie mwenyewe mnavofahamiana.

Swali: Kamera juu ya kaunta, halali?

Kwenye pesa ndio kawaida, na siku ukipata shoti, pesa zikipungua kwenye hesabu, itakutetea.

Swali (Mwanakwerekwe): Nimechukua mkopo nikakuta nimekatwa bima ya pili sikuiomba. Afisa kijana tu, namuonea huruma.

Huruma yako ina haki mama yangu, huenda na yeye kawekewa alama nyekundu mahali. Lakini pesa zako zidai. Anza tawini kwa maandishi, wasipokujibu Benki Kuu wana dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na tawi lao lipo hapa hapa Unguja. Barua toa nakala mbili, moja wakugongee muhuri na tarehe uondoke nayo.